Cheti cha Jina la Bakari: Fremu Imara, Historia ya Kubuni

Cheti cha maana ya jina ni zawadi iliyoenea kwa kasi miongoni mwa wauzaji wa mitandaoni. Mteja hutuma jina la mtoto kwa WhatsApp, hulipa kwa simu, na baada ya siku chache hupokea fremu yenye jina hilo kwa herufi kubwa, na chini yake aya mbili tatu zinazoeleza asili yake, maana yake, tabia za anayeitwa hivyo, na watu mashuhuri waliowahi kulibeba. Nilichoagiza mimi ni cha jina la Bakari, kwa ajili ya akika (sherehe ya Kiislamu ya kuzaliwa kwa mtoto) ya mtoto wa kiume katika nyumba ya jirani zetu hapa Tanga. Duka sitalitaja, kwa sababu maelezo yale yale, karibu neno kwa neno, nimeyakuta kwa wauzaji wengine wa bidhaa hiyo, na ni dhahiri kwamba wote wanachota kisima kimoja.

Nianze na kilicho kizuri, kwa kuwa kipo. Fremu ni ya mbao halisi, kona zake zimeungwa bila kuacha mwanya, na kioo kimekaa sawasawa ndani ya mfuo wake badala ya kushikiliwa na vipande vya gundi kama ilivyo kwa fremu nyingi za bei hii. Karatasi ni nzito na haikujikunja kwa unyevu wa pwani. Nilipopitisha kidole chenye maji pembeni mwa maandishi, wino haukuchujuka. Mzigo ulifungwa kwa kartoni mbili, ukasafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, ukafika bila ufa. Kwa shilingi 45,000, usafiri ukiwa ndani yake, fundi wa fremu wa mtaani asingeweza kunifanyia kazi safi kuliko hiyo. Aliyekuwa akijibu ujumbe wangu alikuwa na adabu na hakunichelewesha.

Tatizo liko kwenye maandishi, na maandishi ndiyo bidhaa yenyewe, kwani fremu tupu mtu angeinunua kwa fedha kidogo zaidi. Mstari wa kwanza unasema kwamba Bakari ni “jina la kale la Kiswahili lenye maana ya mwenye ahadi adhimu”. Wa pili unaongeza kwamba mababu walimpa jina hilo mtoto waliyemtarajia kuwa kiongozi. Hapo hufuata orodha ya tabia (mkarimu, mwenye maono, mpenda familia), kisha namba ya bahati, rangi, jiwe la thamani, na pembeni ngao ya ukoo yenye simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma, mithili ya zile za makabaila wa Ulaya. Simba hao niliamua kuwaacha bila kuwauliza wametoka pori gani.

Hiyo “ahadi adhimu” lakini haiachiki. Kiswahili hakina neno bakari lenye maana ya ahadi, wala hakijawahi kuwa nalo. Bakari ni Abubakari aliyepunguziwa mwanzo, na Abubakari ni Abu Bakr kwa matamshi ya watu ambao ulimi wao hauipendi konsonanti iliyoachwa wazi mwishoni: bahr ikawa bahari, qabr ikawa kaburi, na Bakr kwa njia hiyo hiyo akawa Bakari. Jina hili limekuja na Uislamu, na aliyelifanya litamanike kwa kila mzazi wa Kisunni kuanzia Sofala hadi Mogadishu ni mtu mmoja anayejulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa matendo: Abu Bakr as-Siddiq, sahaba wa Mtume Muhammad (s.a.w.) na khalifa wa kwanza, aliyeongoza Waislamu tangu mwaka 632 hadi kufariki kwake mwaka 634.

Na hata Abu Bakr halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mwenyewe aliitwa Abdullah, mtoto wa Abu Quhafa, wa ukoo wa Taym katika Makuraishi. “Abu Bakr”, yaani baba yake Bakr, ni jina la heshima la namna ambayo Waarabu humwita mtu mzima kwa kumtaja mwanawe, ijapokuwa yeye hakuwa na mtoto aliyeitwa Bakr. Wanawe wa kiume walikuwa Abdullah, Abdurrahman na Muhammad. Neno bakr lenyewe, kwa mujibu wa makamusi ya Kiarabu, ni ngamia dume aliye kijana. Mzizi wake ni ule wa mambo ya mwanzo na upya, na ndio uliotupatia neno bikira. Kabla ya Uislamu tayari lilikuwa jina la watu na la makabila. Kabila la Bakr bin Wail liliacha jina lake katika nchi ya Diyar Bakr, ambayo leo ni mji wa Diyarbakır nchini Uturuki. Kwa hiyo duka likitaka kwa lazima maana ya neno moja, neno hilo ni ngamia kijana. Ninaelewa kwamba halipendezi sana ndani ya fremu.

Hata hivyo sidhani kwamba kasoro kubwa ya cheti ni kukosea neno, maana neno husahihishika kwa dakika moja. Kasoro yake kubwa ni kudhani kwamba katika pwani yetu jina kama Bakari huchaguliwa kwa maana ya neno. Mzazi wa Pangani au wa Micheweni hafungui kamusi. Siku ya saba mtoto anaponyolewa na mbuzi wa akika wanachinjwa, wawili kwa mtoto wa kiume, jina mara nyingi limeshajulikana, nalo ni la babu mzaa baba, au la ami aliyefariki, au la sheikh aliyemsomesha baba; na kuanzia hapo mtoto na yule aliyepewa jina lake huwa masomo, na watu humwita mtoto huyo “somo” mbele ya mzee kwa utani ambao ndani yake kuna deni. Bibi wa mtoto niliyemnunulia zawadi alisomewa cheti na mjukuu wake mkubwa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Ahadi ya nini tena, baba? Huyu ni Bakari wa babu yake.” Ndiyo maana ya jina hilo katika nyumba ile, na hakuna programu ya majina ambayo ingeweza kuibahatisha.

Juu ya babu yupo khalifa. Waliolichukua jina hili walikuwa na picha ya mtu fulani vichwani mwao. Ni yule aliyefuatana na Mtume katika hijra, yaani kuhama Makka kwenda Madina, ya mwaka 622 na kujificha naye katika pango la Thawr, na ambaye wafasiri wa Kurani wanamtambua katika maneno “wa pili wa wawili” ya Sura ya Tawba, aya ya 40. Alitumia mali yake ya biashara kumkomboa Bilali utumwani. Baada ya mahufadhi wengi, yaani waliohifadhi Kurani kwa moyo, kuuawa katika vita vya Yamama, alikubali ushauri wa Omari akamwagiza Zaid bin Thabit kuikusanya Kurani mahali pamoja. Ni baba yake Bi Aisha, ambaye kwetu amekuwa Asha na Mwanaasha. Jina lake husikika katika hotuba ya Ijumaa, khatibu anapowaombea radhi makhalifa wanne kwa mpangilio wao: Abubakari, Omari, Athumani, Ali. Kuna nyumba nyingi za pwani ambamo ndugu wanne wa kiume wamepangwa kwa mfuatano huo huo, na atakayeelewa jina la Bakari bila ndugu zake hao watatu atakuwa ameelewa robo.

Kwenye kipengele cha watu mashuhuri, cheti kimemtaja mmoja tu: “Mfalme Abubakari II wa Mali, aliyevuka bahari na kugundua Marekani.” Hadithi hii inapendwa sana, na inafaa ielezwe ilivyo. Chanzo chake ni mwandishi al-Umari, aliyeandika yale yaliyosimuliwa mjini Cairo baada ya Mansa Musa, mfalme wa Mali, kupita huko akienda kuhiji mwaka 1324. Musa alieleza kwamba mtangulizi wake alitayarisha majahazi mengi, akaingia nayo bahari ya magharibi, na hakurudi. Al-Umari hakumtaja mtangulizi huyo kwa jina, na hakusema kwamba alifika popote. Jina la Abubakari lilibandikwa na wasomaji wa baadaye kutokana na tafsiri yenye makosa ya maandishi mengine ya Kiarabu. Cheti, kwa maneno mengine, kimepata Bakari mmoja tu wa kujivunia, na huyo mmoja hana uhakika wa kuitwa Bakari.

Wakati huohuo waliostahili wapo tele, na wengine hawako mbali. Habari za Pate, masimulizi ya kale ya watawala wa kisiwa hicho cha pwani ya Kenya, zinataja watawala walioitwa Bwana Bakari. Kutoka Inat huko Hadhramaut, Yemen, kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim, aliyefariki mwaka 1584, kilisambaa hadi pwani yetu na Visiwa vya Komoro, na hadi leo wapo masharifu wanaojitambulisha kwa jina la sheikh huyo. Kutoka Bagamoyo alitoka Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Katika jina lake jina la baba limetanguliwa na “Mwinyi”, cheo cha wenye mji, jambo linaloonyesha jinsi jina la Kiarabu lilivyokaa ndani ya heshima za Mrima, pwani ya bara inayoelekea Zanzibar, bila kuonekana geni. Zanzibar ilikuwa na mwanasheria Abubakar Khamis Bakary, aliyekuwa waziri katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambaye jina lake lilibeba sura zote mbili, ndefu na fupi, kwa pamoja. Nigeria ilipopata uhuru mwaka 1960, waziri mkuu wake alikuwa Abubakar Tafawa Balewa.

Jina limesafiri kwa sura nyingi kuliko ambazo duka lingeweza kuzipanga. Kwa Waturuki ni Bekir. Senegal ni Babacar na Boubacar, Mali na Gambia ni Bakary, na mashabiki wa Arsenal watamkumbuka beki Bacary Sagna, Mfaransa mwenye asili ya Senegal. Kwa Wahausa, Garba ni Abubakari pia, ingawa asiyeambiwa hawezi kubahatisha. Kwetu, ukiacha Bakari na Abubakari, yupo Abuu wa nyumbani na Beka wa vijiweni. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipoelekea Tabora na Ujiji, majina ya aina hii yalikwenda pamoja na misikiti na vyuo vya Kurani, na ndiyo sababu leo unaweza kumkuta Bakari ambaye ni Mzigua, Mdigo, Mnyamwezi au Mmanyema, na asijione amevaa nguo ya kuazima.

Ni wapi basi ilikozaliwa hiyo “ahadi adhimu”? Inapatikana katika orodha za majina ya watoto zinazosomwa Marekani. Kuanzia miaka ya 1960, Wamarekani weusi wengi waliachana na majina waliyoyaona kuwa ya wenye watumwa na kutafuta ya Kiafrika, na Kiswahili kilipewa nafasi ya mbele. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ina maneno yake yote makuu ya Kiswahili. Bakari lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa. Mwanasiasa Bakari Sellers wa South Carolina, aliyezaliwa mwaka 1984, ni mtoto wa Cleveland Sellers, mwanaharakati wa haki za raia. Orodha zikaandika maana hiyo, zikanakiliana, mtandao ukazitawanya, na sasa zinarudi Tanga ndani ya fremu.

Kwa familia ya Chicago au Atlanta iliyompa mwanawe jina hilo ikikusudia ahadi, mimi sina neno la kuwaambia. Nia ya mzazi nayo ni sehemu ya historia ya jina, na wao walikuwa wakijenga kitu baada ya kunyang’anywa kila kitu. Muuzaji wa Dar es Salaam hana kisingizio hicho. Akitoka nje ya ofisi yake na kuita “Bakari!”, atageukiwa na dereva wa bodaboda, na anaweza kumuuliza aliyempa jina.

Nirudi kwenye bidhaa. Namba ya bahati iliyoandikwa ni 6. Nilijaribu kuifuatilia nikagundua kwamba herufi za Kilatini za B-A-K-A-R-I zimepewa tarakimu 2, 1, 2, 1, 9 na 9, jumla 24, kisha mbili na nne zikajumlishwa. Pwani ina hesabu yake ya kale ya abjadi, inayoipa kila herufi ya Kiarabu thamani ya namba, ambamo be ni 2, kafu ni 20 na re ni 200, na Bakr anafikia 222. Wapiga falaki, yaani watabiri wa nyota, huongeza humo jina la mama kabla ya kusema lolote. Masheikh wengi wanakataza mambo hayo na mimi niko upande wao, lakini kama ni lazima kupiga ramli, basi mtu apige ya kwao.

Kosa lililonikera zaidi ni la juu ya karatasi, mahali ambapo jina limeandikwa kwa Kiarabu kwa rangi ya dhahabu. Mtoto aliyemaliza juzuu ya kwanza chuoni anajua kwamba be huungana na kafu, na kafu huungana na re, na kwamba usomaji huanzia kulia. Kwenye cheti changu herufi tatu zimesimama moja moja kama abiria wasiojuana, na zimepangwa kuanzia kushoto. Ukizisoma inavyopasa unakutana na re, kafu, be, na hizo kwa Kiarabu zinasomeka rakb, yaani wapanda ngamia. Ngamia kijana ameshapata wa kumpanda. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba zawadi hii ingetundikwa ukumbini, chini ya macho ya babu ambaye ni mwalimu wa madrasa. Programu nyingi za kuchora mabango hufanya hivyo zisipowekewa mpangilio wa Kiarabu, na dawa yake inajulikana kwa kila mchapishaji wa kadi za harusi hapa mjini.

Niliwaandikia wahusika. Jibu la kwanza lilisema kwamba maelezo ya majina hutoka kwenye kumbukumbu zao na hayabadilishwi. La pili, baada ya kutuma picha ya herufi hizo, liliomba radhi na kunipa njia mbili: nirudishiwe nusu ya fedha, au nitume maneno yangu mwenyewe yachapishwe upya kwa nyongeza ya shilingi 10,000. Kumlipisha mteja kwa kurekebisha kosa la duka si uungwana, nami niliwaambia hivyo. Wakashusha hadi 5,000, nikakubali kwa sababu siku ya akika ilikuwa inakaribia. Chapisho la pili lilikuja kwenye karatasi ile ile nzuri, likiwa na maneno haya: “Bakari, kutokana na Abu Bakr as-Siddiq, khalifa wa kwanza. Amepewa jina la babu yake mzaa baba.” Simba, jiwe na namba viliondoka. Sehemu ya Kiarabu niliomba iachwe wazi, na babu akaiandika mwenyewe kwa kalamu ya mwanzi kabla ya kioo kurudishwa.

Nilipitia pia orodha ya majina mengine wanayouza. Juma na Hamisi yameelezwa kwa usahihi kuwa ni ya siku, na Sefu limeelezwa kuwa ni upanga, jambo ambalo ni kweli. Kwa Athumani na Omari wamerudia mtindo wa Bakari: sifa zinazoweza kumfaa yeyote, na khalifa hayumo.

Anayetaka fremu ya jina kwa ajili ya mtoto anaweza kuagiza bila hofu ya ubora wa mbao wala wino, mradi aandike maneno yake mwenyewe tangu ujumbe wa kwanza na aombe picha ya kuhakiki kabla ya kulipa. Kama kuna Kiarabu ndani yake, picha hiyo aionyeshe kwa ustadhi wa karibu. Bei ikizidi shilingi 45,000 kwa sababu ya maneno hayo, akatae, kwa sababu kuandika mistari miwili aliyoandikiwa hakumgharimu mchapishaji zaidi ya kunakili aya za kubuni.